Msimu wa langalanga wa 1979 kwa Kiswahili: maoni kuhusu maonyesho ya Jumamosi, Kaloleni, Arusha

Wapenzi wa mbio za magari wa Arusha wamezoea kuangalia langalanga (Formula 1) ya kisasa katika baa zenye ving'amuzi, ambako mbio hugombea televisheni na mechi ya Simba au Yanga na mara nyingi hushindwa. Huduma ninayoitathmini hapa ni ya aina nyingine kabisa. Katika ukumbi mdogo wa ghorofani ulioko Kaloleni, juu ya safu ya maduka ya vipuri, huonyeshwa kila Jumamosi jioni kanda za msimu mmoja wa zamani, kuanzia mbio za kwanza hadi za mwisho, huku mtangazaji akiwa amesimama kando ya ukuta mweupe unaotumika kama skrini, kipaza sauti mkononi, akieleza kwa Kiswahili kila kinachotokea, kama wafanyavyo watafsiri wa filamu katika vibanda vyetu vya video. Awamu iliyomalizika hivi karibuni ilikuwa ya msimu wa 1979. Kiingilio ni shilingi 7,000 kwa jioni moja, na anayelipia msimu mzima kwa mkupuo hupunguziwa. Niliufuata msimu huo hadi mwisho, na kwa jumla nasema fedha yangu haikupotea, ingawa yapo mambo ambayo wenye ukumbi wanapaswa kuyarekebisha kabla hawajatuita tena.

Uchaguzi wa mwaka ni wa busara. Bingwa wa 1979, Jody Scheckter, alizaliwa East London, Afrika Kusini, na mpaka leo ndiye mzaliwa pekee wa bara hili aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa langalanga. Hata hivyo, waulize watu kumi katika stendi yoyote ya hapa mjini, na sidhani kama utampata mmoja anayelifahamu jina lake. Sababu zipo. Mwaka ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na masikio ya watu yalikuwa kwenye redio kufuatilia vita dhidi ya Idi Amin. Mkanada Gilles Villeneuve, mwenzake Scheckter katika timu ya Ferrari, aliposhinda mbio za Long Beach, Marekani, tarehe 8 Aprili, majeshi yetu yalikuwa yamebakiza siku 3 kuiteka Kampala. Aliyependa magari alizungumzia Safari Rally, ambayo mwaka huo Shekhar Mehta aliishinda kwa Datsun 160J, gari ambalo kila fundi aliweza kulitambua kwa mlio. Kwa hiyo wengi wetu tuliokaa kwenye ukumbi ule tulikuwa tunauona msimu wa 1979 kwa mara ya kwanza, na mtangazaji alilijua hilo vizuri. Tangu jioni ya kwanza alipiga marufuku mtu yeyote kutaja mshindi aliyemtafuta kwenye simu, na kijana mmoja aliyethubutu kupayuka alizomewa hadi akaona haya.

Sifa kubwa ya mtangazaji huyu ni kwamba haoni aibu kusimamisha kanda ili aeleze. Msimu ulifunguliwa Buenos Aires mwezi Januari, na timu ya Kifaransa ya Ligier ikawashangaza wote: Jacques Laffite alishinda Argentina, kisha akashinda Brazil, ambako mwenzake Patrick Depailler alimaliza wa pili nyuma yake. Mtazamaji wa kawaida angeridhika kuambiwa kwamba magari yale yalikuwa na mbio. Mtangazaji wetu alichukua karatasi mbili, akazining'iniza sambamba mbele ya mdomo wake, akapuliza katikati, na karatasi zile badala ya kutawanyika zikavutana. Ndivyo, akasema, magari yale yalivyoganda barabarani: sehemu ya chini ya ubavu ilichongwa mfano wa bawa lililopinduliwa, hewa ikapita kwa kasi chini yake, na gari likavutwa kuelekea lami; sketi zilizoshuka pande zote mbili zilizuia hewa ya nje isiingie. Lotus ndio waliofungua njia hiyo na kuchukua ubingwa wa 1978 kwayo, lakini mwaka uliofuata hawakushinda mbio hata moja, kwa kuwa wengine waliiga na kufanya vizuri zaidi. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika tano, na kuanzia hapo kila mtu ukumbini alijua kwa nini gari lililopoteza sketi liliserereka kwenye kona.

Ferrari 312T4, gari la Scheckter na Villeneuve, halikuufaidi ujanja huo kikamilifu, kwa sababu injini yake ya silinda 12 zilizolazwa, sita kila upande, ilikuwa pana na ikaziba nafasi ambayo hewa ilipaswa kupita. Kilichoisaidia ni uimara. Scheckter alimaliza ndani ya pointi, yaani katika sita bora, mara 12 katika mbio 15, na mtu yeyote aliyewahi kumiliki gari la biashara anajua kwamba hilo ni jambo kubwa kuliko kasi ya siku moja.

Jioni ya Kyalami ndiyo iliyoujaza ukumbi. Uwanja huo wa karibu na Johannesburg uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo tu ya Arusha yetu, na hapo mtangazaji aliwageukia mafundi waliokuwa wamepanda kutoka madukani chini na kuwauliza kwa nini gari linaloteremka kwenda Tanga huonekana kupata nguvu mpya. Walimjibu kwa pamoja: hewa. Injini ya lita 3 isiyosaidiwa huvuta hewa nyembamba na kudhoofika, ilhali Renault walikuja na injini ya lita 1.5 yenye turbo, ambayo huisukuma hewa ndani kwa nguvu na hivyo haiumizwi sana na mwinuko. Jean-Pierre Jabouille alianza wa kwanza kwenye mstari siku hiyo, gari la turbo likifanya hivyo kwa mara ya kwanza katika historia ya langalanga. Fundi mmoja alishuka chini, akarudi na turbo chakavu ya Land Cruiser ya watalii, nayo ikapita mkono kwa mkono katika safu zetu. Mapezi yake yalikuwa yamelika upande mmoja, ila ekseli ilizunguka bado, na kila aliyeipuliza aliondoka na weusi wa oili vidoleni. Mtoto wa jirani yangu aligoma kuitoa mpaka alipoahidiwa soda.

Mbio zenyewe za Kyalami zilisimamishwa mapema kwa mvua na kuanzishwa upya. Villeneuve alichagua matairi ya mvua. Scheckter, aliyekuwa nyumbani kwao mbele ya watu wake, alikubali kuteleza mwanzoni kwa kutumia matairi ya kavu, yale ambayo askari wa barabarani wa hapa angeyaita vipara na kukuandikia faini, akitarajia barabara ikauke. Ikakauka, Villeneuve akaingia kubadilisha, Scheckter akaongoza. Ila matairi yake yalichakaa kabla ya mwisho, naye pia akalazimika kuingia, na mwenzake akashinda. Injini ya Jabouille haikufika mwisho. Hapa mtangazaji alionyesha kipaji: kwa karibu robo saa hakutaja jina la dereva bila kutaja hali ya matairi yake, na ukumbi mzima ukaanza kuhesabu pamoja naye.

Mbio za katikati ya msimu alizipitia haraka, na sikuona ubaya. Depailler alishinda Hispania, kisha akavunjika miguu mwezi Juni alipoanguka na bawa la kurukia, na matumaini ya Ligier yakaanza kunyauka. James Hunt, bingwa wa 1976, aliacha kabisa baada ya Monaco. Scheckter alishinda Ubelgiji na Monaco mfululizo, jambo ambalo mtangazaji alilitaja kana kwamba anasoma orodha ya mahudhurio. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba bingwa wa msimu huu hakuwa kipenzi cha mwendesha maonyesho.

Kipenzi chake ni Villeneuve, na jioni ya Dijon ilithibitisha. Mbio za Ufaransa za tarehe 1 Julai zina habari kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba Jabouille alishinda, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa injini ya turbo katika langalanga: dereva Mfaransa, gari la Kifaransa, matairi ya Michelin, mafuta ya Elf, mbele ya Wafaransa wenyewe, miaka miwili baada ya Waingereza kulicheka gari hilo na kulibandika jina la birika la njano kwa jinsi lilivyofuka moshi. Ya pili ni ugomvi wa nafasi ya pili kati ya Villeneuve na René Arnoux wa Renault katika mizunguko ya mwisho, ambapo magari mawili yaliingia kona ubavu kwa ubavu, yakagusana matairi, yakatoka nje ya lami na kurudi, yakapitana na kupitana tena, hadi Villeneuve akavuka mstari mbele kwa robo ya sekunde. Hakuna aliyemziba mwenzake kwa hila. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya upana wa gari, hata kama ni upana huo tu. Ukumbi ulisimama. Mzee mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kimya tangu jioni ya kwanza alijikuta akipiga kelele "Mwachie! Mwachie!" bila sisi kujua alikuwa anamwambia nani.

Mizunguko hiyo ilirudiwa mara tatu, ya mwisho kwa mwendo wa pole. Kurudia mara moja kungetosha. Muda uliotumika hapo uliibiwa kutoka mbio za Uingereza za wiki mbili baadaye, ambazo zilikatwa hadi zikawa dondoo, ilhali ndizo zilizoipa timu ya Frank Williams ushindi wake wa kwanza kabisa. Alan Jones aliongoza, gari likaharibika, na Clay Regazzoni wa Uswisi akamaliza kazi. Tuliona tu akisherehekea kwa juisi ya machungwa badala ya mvinyo, kwa heshima ya wafadhili wa timu waliotoka Saudi Arabia, na kipande hicho kilipigiwa makofi sana na akina baba wenye kofia waliokaa mbele. Lakini kuanzia siku ile Williams ndio waliokuwa na gari bora, na aliyekosa kuelezwa hilo angeshangaa kwa nini Jones alishinda Ujerumani, Austria na Uholanzi mfululizo.

Uholanzi ndiko ninakotofautiana na mtangazaji waziwazi. Kule Zandvoort, tarehe 26 Agosti, tairi la nyuma la kushoto la Villeneuve lilipasuka, akaserereka nje. Badala ya kushuka, alirudi nyuma, akaingia barabarani na kuliburuta gari hadi kwa mafundi wake kwa magurudumu matatu, rimu ikiwa imening'inia na cheche zikiruka. Ni picha ya kusisimua na tulioneshwa vya kutosha. Kilichopita bila neno ni kwamba katika mbio hizohizo Scheckter aliharibikiwa mwanzoni, akajikuta mkiani kabisa, akawapita wengine mmoja baada ya mwingine hadi akamaliza wa pili na kuondoka na pointi 6. Mmoja alipata sifa, mwingine alipata mavuno, na msimu mzima wa 1979 ulikuwa humo.

Kwa bahati, kosa hilo lilirekebishwa jioni ya Monza, mbio za Italia, nami naihesabu kuwa jioni bora kuliko zote, hata kuliko Dijon. Mtangazaji aliburuta ubao mweusi hadi katikati na kueleza kanuni ya pointi ya mwaka ule, ambayo bila kuijua huwezi kuuelewa msimu huu. Mshindi alipata pointi 9, na waliofuata 6, 4, 3, 2 na 1. Ila dereva hakuhesabiwa pointi zote alizovuna. Mbio 7 za kwanza zilitoa matokeo 4 bora, na mbio 8 za mwisho zikatoa mengine 4 bora. Jones alishinda mara 4 katika nusu ya pili na kuchukua pointi 36, kiwango cha juu kabisa kilichowezekana, lakini nusu ya kwanza alikuwa na nafasi moja tu ya tatu, pointi 4, basi akaishia 40 na hakuna ambacho angeweza kufanya. Scheckter alivuna 60 zikahesabiwa 51. Villeneuve alivuna 53 zikahesabiwa 47. Chaki ilipofuta pointi zilizotupwa, ukumbi ulinung'unika kama umedhulumiwa kwenye kikoba.

Kisha akawasha kanda. Tarehe 9 Septemba, Scheckter aliongoza Monza na Villeneuve akamfuata kama kivuli hadi mwisho, bila kujaribu kumpita, kwa kuwa huo ndio ulikuwa utaratibu wa timu na alikuwa ameukubali. Ubingwa ukaamuliwa siku ile. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza ingekuwaje kama angempita, na mtangazaji, kwa uaminifu wa kupongezwa, aliifanya hesabu hadharani bila kuruka hatua: matokeo mengine yote yakibaki kama yalivyokuwa, Villeneuve angefikisha 50 na Scheckter angebaki na 48. Yaani Mkanada yule, ambaye alipata ajali iliyomuua huko Zolder, Ubelgiji, mwaka 1982 bila kuupata ubingwa, aliufuata ubingwa wake kwa mita chache na akauacha uende kwa mwingine kwa sababu alikuwa ametoa ahadi. Ferrari wenyewe walisubiri miaka 21, hadi Michael Schumacher mwaka 2000, kumpata bingwa mwingine wa madereva. Sijawahi kuona ukumbi wa burudani hapa mjini ukikaa kimya kutazama ubao wa hesabu.

Baada ya Monza mambo yalikuwa ya kumalizia: Niki Lauda kuegesha gari wakati wa mazoezi Montreal na kuacha mbio, asirudi hadi 1982, na Villeneuve kushinda Watkins Glen, Marekani. Jioni hiyo ilikuwa fupi na kiingilio kilikuwa kilekile, jambo ambalo si haki sana.

Lawama yangu kubwa haihusu burudani. Msimu huu una bingwa kutoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na duru yake moja ilifanyika kwenye ardhi hiyo, lakini jambo hilo halikuguswa. Jioni ya Kyalami mzee mmoja aliyestaafu kazi ya serikali alinyoosha mkono na kuuliza kwa upole, "Kijana wangu, wakati huo sisi hatukuwa na uhusiano na hao watu. Hao wazungu wa langalanga walikwendaje kule?" Jibu alilopewa ni, "Mzee wangu, hapa tunaangalia magari tu." Watu walicheka, mzee akanyamaza. Swali lilikuwa zuri na jibu linajulikana. Afrika Kusini ilikuwa nje ya Olimpiki tangu 1964 na ilifukuzwa FIFA mwaka 1976, lakini langalanga iliendelea kwenda Kyalami hadi 1985. Na katika mkoa huu swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, alikosa Olimpiki ya Montreal ya 1976 pale Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliposusa kupinga timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini. Mwanariadha wetu alilipa gharama hiyo akiwa katika ubora wake, na miaka mitatu baadaye magari yalikuwa yakinguruma Kyalami kama kawaida. Kusema hayo kungechukua dakika mbili, hakungempunguzia Scheckter pointi hata moja, na mzee angeondoka akiwa ameheshimiwa.

Kuhusu ukumbi wenyewe, viti ni vya plastiki na visivyo na mito, hivyo mbio ndefu huumiza mgongo. Sauti ya kanda na sauti ya mtangazaji hutoka kwenye spika moja, na injini zikipamba moto maneno humezwa. Spika ya pili ingelimaliza tatizo hili. Umeme ulikatika katikati ya mbio za Austria, jenereta ikachelewa kwa kukosa mafuta, na hatukurudishiwa kitu zaidi ya pole. Sambusa za nyama ni nzuri na huletwa za moto, chai ya tangawizi haina kasoro, lakini chipsi mayai agiza mapema au usiagize kabisa. Mwisho wa onyesho ni saa tatu na nusu usiku, bajaji za kuelekea Sakina na Njiro hupatikana barabarani, na dereva mmojawapo sasa huchelewesha safari makusudi ili amalizie kusikiliza kutoka kwenye ngazi.

Awamu ijayo imetangazwa kuwa ya msimu wa 1964, ambao ubingwa wake John Surtees, aliyekuwa tayari bingwa wa dunia wa pikipiki, aliupata kwa pointi 40 dhidi ya 39 za Graham Hill, ilhali Hill alikuwa amevuna 41. Asiyeweza kulipia msimu mzima achague jioni ya mwisho, ile ya Meksiko, na awahi viti vya upande wa kulia, kwani ukikaa kushoto mgongo wa mtangazaji huuziba ubao.